Mluzi Kutoka Shamba la Luseni

Elvin Shirk, jirani yao, alipoingia uani hakumfunga farasi wake. Hapo ndipo Lovina Nolt alipojua kuna jambo, maana Elvin ni mtu wa kufunga farasi hata akija kuazima kisu. Alikuja moja kwa moja hadi barazani, kofia mkononi.

"Shangazi Lovina, hebu keti kidogo."

"Nina mikate motoni. Sema tu."

"Ni Mahlon. Nimemkuta kwenye shamba la luseni, kitini pake. Ametangulia, Shangazi. Ameshapoa."

Lovina aligeuka kuitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na robo. "Haiwezekani," alisema. "Amepiga mluzi sasa hivi tu. Nimemjibu."

Mahlon alikuwa kaka yake. Hakuna kati yao aliyepata kuoa wala kuolewa, na walizeeka pamoja katika nyumba ya wazazi wao, upande wa bonde ambako kilima huishia. Kwa miaka arobaini Mahlon ndiye aliyewinda buku wa mashambani, wale wanyama wanene wachimba mashimo. Pale Pennsylvania watu wa kanisa lao hulima kwa farasi, na mkulima wa namna hiyo hafanyi mzaha na buku. Shimo moja lililofichwa na majani, na farasi amevunjika mguu. Basi kila mwaka, kabla ya kukata luseni, yale majani ya kulisha mifugo, mara ya pili, watu walimtumia salamu aje. Naye alikwenda na bunduki na kiti cha kukunja, akakaa ukingoni mwa shamba, akapiga mluzi mwembamba. Buku alisimama kwa miguu miwili amwone anayeita. Mluzi huo Mahlon alijifunza kwao wenyewe, kwani ndivyo wanavyoonyana. Buku aliyempiga alimfukia shimoni mwake kwa mawe, akachomeka kijiti chenye kitambaa cheupe ili wenye farasi waone.

"Mahlon, buku wangu wamepata wajukuu wakikungoja!" watu walimtania baada ya ibada.

"Waambie wale washibe, nakuja Jumanne."

Jumapili hakugusa bunduki. Siku moja Elvin alimwonyesha buku akijilia kabichi nyuma ya nyumba ya ibada, mchana kweupe. Mahlon akamjibu, "Huyo anaijua siku ya Bwana kuliko wewe."

Majira mawili ya baridi yaliyopita moyo wake ulianza kumsumbua. Daktari alikataza asiende peke yake. Mahlon hakusikia. Wakakubaliana hivi: kila nusu saa apige mluzi kuelekea nyumbani, mara mbili, na Lovina ajibu kwa kengele ya chakula iliyo juu ya nguzo uani.

"Kengele yako inanifukuzia buku," alilalamika.

"Heri umkose buku kuliko mimi nikukose wewe."

Asubuhi ile Lovina alisikia mluzi saa tatu, tena saa tatu na nusu, tena saa nne. Mara zote tatu alitoka, mikono ina unga, akavuta kamba. Lakini daktari alipofika adhuhuri alisema Mahlon alifariki mapema, yapata saa mbili na nusu, mara tu baada ya kuketi. Bunduki ilikuwa haijatiwa risasi. Kikombe cha kahawa kilikuwa katikati ya magoti, hakijanywewa.

"Labda ni buku, Shangazi," Elvin alisema kwa upole.

Labda. Lakini buku hapigi mara mbili akanyamaza nusu saa nzima. Au ilikuwa mara moja, naye Lovina, akili ikiwa kwenye mikate, akahesabu alichotaka kuhesabu? Siku tatu za msiba mluzi uliendelea kushuka kutoka kilimani, na kila uliposhuka mkono wake uliinuka wenyewe kutafuta kamba. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo walimwona, wakatazama pembeni. Usiku hakuna buku aliaye, lakini hata kimya kile alikisikiliza.

Kilichomwumiza zaidi ni maneno ya faraja. Mke wa Elvin, bila kuhesabu saa aliyoitaja daktari, aliwaambia waombolezaji wote kwamba kengele ya Lovina ndiyo sauti ya mwisho aliyoisikia Mahlon duniani. Watu walilia, wakamshika Lovina mkono, wakamshukuru kwa ulinzi wake. Naye hakukanusha.

Asubuhi ya mazishi alimfuata Mhubiri Titus jikoni.

"Mhubiri, nakuomba, usiseme kwenye mahubiri kwamba nilimlinda."

"Kwa nini, dada Lovina?"

"Nilikuwa nampigia buku kengele. Kaka yangu amekaa pale amekufa, mimi naoka mikate. Ningetoka hatua mia mbili tu ningemwona."

"Ungemkuta ameshakwenda. Daktari amesema."

"Daktari hakuusikia ule mluzi."

Titus alivuta kiti, akaketi. Kisha akauliza, "Wewe unadhani alikuwa nani?"

"Sijui. Nikisema buku, basi nilimwacha peke yake. Nikisema ni yeye…"

"Basi mimi sitasema hili wala lile," Titus alisema. "Ila wewe mwambie Mahlon mwenyewe, kabla hatujafunga jeneza."

Baada ya mahubiri jeneza lilifunguliwa karibu na mlango, watu wakapita mmoja mmoja, ndugu wa damu wakawa wa mwisho. Lovina aliinama, akashika mkono wa shati la kaka yake.

"Mahlon, sikuja," alisema, na waliokuwa karibu walisikia wote. "Nilidhani ni wewe unaniita. Nisamehe."

Mke wa Elvin aliziba mdomo kwa leso. Lovina akasogea, wanaume wanne wakakaza skrubu za kifuniko. Jeneza lilipelekwa kaburini kwa gari la farasi. Kaburi lilikuwa limechimbwa na majirani kwa mikono yao. Waliliteremsha kwa mikanda, wakalifunika kwa mbao, wakaanza kujaza udongo huku Titus akisoma wimbo, ubeti mmoja baada ya mwingine. Wanaume walivua kofia, wote wakasali Baba Yetu kimyakimya. Lovina alisimama hadi udongo uliposawazishwa, kisha akapanda gari la Elvin na mkewe, wakaenda kula pamoja na wengine.