Aliyelamba Seva ya Misunkumilo

Najua mtasema nilikuwa na njaa, au homa, au nilikaa na mashine mpaka akili ikayumba. Semeni. Mimi nilikuwepo, nyie hamkuwepo. Ilikuwa saa saba mchana, jua lile la Oktoba la Mpanda ambalo hata mbwa hatoki kivulini, na asubuhi yake nilikuwa nimekunywa chai na chapati mbili. Sikuwa mgonjwa. Ninayoyaandika yalinipata mimi.

Nilikuwa fundi wa kompyuta kwenye mradi mmoja mdogo, jina lake naliacha, uliopanga nyumba mtaa wa Misunkumilo. Kazi yetu ilikuwa tembo. Huku kwetu tembo wakitoka mbugani wanaingia mashambani, na watu wanakufa. Basi baadhi ya tembo walivalishwa mikanda ya shingoni inayotoa ishara ya mahali walipo. Ishara inaingia kwenye seva yetu, seva inatafuta wakulima walio karibu, inawatumia ujumbe kwenye simu: tembo wanakuja, tokeni shambani. Ili majibu yawe ya haraka, orodha yote ya wakulima na tembo ilikaa kwenye kumbukumbu ya ndani ya mashine, ile RAM, badala ya kusomwa kwenye diski kila mara.

Seva yenyewe ilikuwa kubwa, prosesa mbili zenye jumla ya viini thelathini na viwili. Kiini mchukulie kama mfanyakazi mmoja. Nikifanya jaribio la kasi kwa viini vinne, mambo safi. Vinane, safi zaidi. Kumi na sita, inaanza kuchechemea. Nikiwasha vyote thelathini na viwili, inakuwa nzito kuliko vile vinne. Sasa niambieni, watu thelathini na wawili wanashindwaje kazi na watu wanne?

Nilihangaika wiki mbili. Nilipima joto, nikabadilisha feni. Nilihamisha programu ya majaribio kwenye mashine nyingine, nikidhani inakula nguvu ya seva. Nilipanga kila prosesa itumie kumbukumbu ya upande wake isivuke kwa mwenzake. Ilisaidia kidogo tu. Mkuu wangu alikuwa Dodoma, anapiga simu kila asubuhi. "Ijumaa nakuja na wafadhili," akasema. "Nataka viini vyote vifanye kazi. Stori sitaki."

Mtu aliyeniuma zaidi ya mkuu alikuwa Mama Evelina, aliyekuwa akitupikia na kufanya usafi pale ofisini. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hukuhuku, analima kijijini Kakese. Msimu uliopita tembo alimkanyaga kaka yake kwenye mahindi. Kila mchana akileta ugali ananiuliza, "Baba, mashine yako imekubali?"

"Bado, mama."

"Mvua zinakaribia. Watu watahamia mashambani." Halafu anaondoka.

Jumatano hiyo nilikuwa peke yangu kwenye chumba cha seva. Nilifunga mlango kwa ufunguo, kwa ndani, ili watu wasiingieingie na vumbi. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja, na chini yake tuliweka ndoo ya rangi iliyokuwa haijamwagwa siku nyingi. Maji yalikuwa na utando wa kijani juu, na mende wawili waliokwisha kuvimba.

Kwanza ilikuja harufu. Mmewahi kufika kwenye madimbwi ya Katavi mwisho wa kiangazi, viboko wamebanana kwenye tope wakinyea palepale wanapolala? Ndiyo hiyo. Nikadhani choo kimeziba. Nikageuka, mtu amesimama nyuma yangu.

Alikuwa mfupi, mnene, hana shingo. Kaunda suti ya kaki, imelowa mpaka mapajani. Masikio madogo kama ya mtoto. Ngozi yake ilikuwa inang'aa, na jasho lililokuwa likimtoka, naapa, lilikuwa jekundu, jekundu la kutu, zito kama kamasi, linashuka taratibu na kudondoka kwenye kola.

"Mzee, umepitia wapi?" nikauliza.

Aliweka kidole kwenye skrini yangu, kikaacha mstari wa ute. "Mdogo wangu," akasema, sauti inatoka tumboni, "hawa hawajachoka. Wanasukumana. Kila mmoja kabla hajajibu anakwenda kwanza kuandika kwenye diski. Daftari ni moja. Unaongeza watu, unaongeza kusukumana."

Nikaganda. Maana ilikuwa kweli! Sisi tuliagiza seva iandike kila badiliko kwenye diski papo hapo, ili umeme ukikatika tusipoteze kitu. Wiki mbili nzima nilikagua kila pembe isipokuwa hiyo, kwa kuwa niliiweka mwenyewe.

"Basi nigawe," nikasema. Hebu nioneni, naongea naye kama mwenzangu wa kazi. "Kila kijiji kiwe na daftari lake, na viini vyake."

"Kazi ya wiki ngapi?"

"Tatu."

Akacheka. Meno yake yalikuwa yameachana, makubwa, ya njano, na katikati kumekwama majani yaliyooza. "Zima daftari. Mstari mmoja tu wa maagizo unaufuta."

"Na umeme ukikatika?"

"Utakatika leo?"

Kisha akainama, akaibeba ile ndoo kwa mikono miwili, akanywa. Hakuonja, alikunywa yote, koo linagugumia kama sinki linalozibuka. Wale mende aliwatafuna, niliwasikia wakipasuka. Bawa moja lilibaki limemganda mdomoni, akalivuta ndani kwa ulimi. Na ulimi ule! Wa kijivu, mpana kama soli ya kiatu. Akausogelea mlango wa kabati la seva, akaanza kuulamba, kutoka chini kwenda juu, polepole, mpaka kwenye matundu ya feni, ute unaingia ndani. Mashine ilitakiwa kuungua. Badala yake feni zikatulia.

Nilitaka kutapika. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mkono wangu ulikuwa kwenye kibodi, na sitawadanganya kwamba aliushika yeye. Nilifuta ule mstari nikiwa na akili zangu zote, huku yeye analamba. Nikaendesha jaribio upya, viini vyote thelathini na viwili.

Ilipaa. Nikarudia, ikapaa tena. Nilipogeuka, hayupo. Mlango umefungwa, ufunguo uko palepale kwenye kitasa. Sakafuni kulikuwa na nyayo za tope, duara, zenye vidole vinne. Hapo ndipo nilipotapika, nikatapika mpaka nyongo.

Mama Evelina akagonga. Nikamfungulia, akarudi nyuma akiwa ameziba pua na kanga. "Baba, umeleta nini humu? Pananuka viboko!"

"Bomba la choo, mama."

Hakubishana. Alileta brashi na sabuni ya unga, akapiga magoti, akasugua tope, akasugua matapishi yangu, akafuta ute kwenye seva kwa mikono mitupu. Akiwa bado chini akaniuliza, "Imekubali?"

"Imekubali, mama."

Akapiga vigelegele palepale, kwenye uvundo ule.

Ijumaa wafadhili walipiga makofi. Mkuu alinikumbatia. Wiki iliyofuata Mama Evelina alizunguka Kakese nyumba kwa nyumba na daftari la shule, akaandika namba za simu za jirani zake, nami nikaziingiza zote kwenye seva. Nilijiambia ule mstari nitaurudisha Jumatatu. Jumatatu ikifika, nikifungua tu lile faili, harufu ile inanijaa puani, nalifunga. Ndivyo nilivyojitetea. Ukweli mwingine ni kwamba nilipenda kusifiwa.

Mvua kubwa ya kwanza ikaja na radi, umeme ukakatika mchana kutwa. Betri yetu ilihimili kidogo, ikazima. Umeme uliporudi seva ikajiwasha yenyewe, ikasoma kilichokuwa kwenye diski, ikaendelea kwa kasi ileile. Hakuna taa nyekundu, hakuna onyo. Nilitazama kasi, nikaridhika. Orodha sikuitazama.

Kwenye diski kulikuwa na orodha ya kabla ya ile Jumatano. Kakese haikuwemo; majina yake yalikuwa kwenye RAM tu, yakapotea na umeme.

Mwezi wa pili, mahindi yakiwa yameanza kubeba, tembo walivuka alfajiri. Ujumbe ulikwenda kwa kila mtu aliyebaki kwenye orodha. Baba Evelina, mume wa mama, alikuwa amelala kwenye kibanda cha shambani, akilinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori, simu iko kifuani. Haikulia. Kibanda kiliangushwa juu yake, mguu wa kulia ukasagika. Hospitali wakaukata juu ya goti.

Siku ya tatu Mama Evelina alikuja ofisini, macho yamevimba. Mnajua alisema nini? "Labda simu ya mzee haikuwa na chaji, baba. Mashine yako usiilaumu."

Niliingia kwenye seva, nikatafuta Kakese. Hakuna hata jina moja. Nilikaa pale nikijinusa mikono.

Sikulala siku nyingi. Nilirudisha ule mstari, kisha nikaifanya kazi ilivyotakiwa tangu mwanzo, kila kijiji na daftari lake. Ilichukua wiki tatu kamili, na sasa viini vyote vinafanya kazi, na umeme ukikatika hakipotei kitu. Nilimwambia mkuu, akanifukuza, na alikuwa na haki. Leo natengeneza simu mtaani Majengo. Jasho langu limebadilika. Nikilala, asubuhi foronya ina doa la rangi ya kutu, na hata nifue vipi halitoki. Daktari alinipima, akaniambia niko mzima. Chakula cha majimaji sikiwezi. Mlenda, uji, bamia, vyote vinanirudisha kwenye ulimi ule.

Mama Evelina nilimfuata nyumbani kwake. Nilimsimulia yote, yule mtu, ndoo, ulimi, mstari. Mzee alikuwa kwenye kiti nje, gongo pembeni, anasikiliza. Mama hakushangaa habari ya yule mtu. Wala hakuuliza alikuwa jini au kiboko au nani. Alimenya maharage, mwisho akasema, "Mimi nikapiga vigelegele, na wewe unanitazama tu?"

Nilinyoosha mkono kumuaga. Akautazama kwa kinyaa, kama mtu aliyekanyaga kitu njiani, akauacha unaning'inia hewani. Kisha akasogeza sufuria la maharage mbali na mimi.

Nyie mnaofanya kazi hizi, na ambao hamzifanyi, nisikilizeni. Akija mtu kukupa kasi kwa mstari mmoja, hata kama hanuki, hata kama amevaa tai, usimwamini. Na usijiamini na wewe. Zima umeme kwa mkono wako mwenyewe, uwashe, uone kimebaki nini. Ukishaona majina yote yapo, mojamoja, ndipo uwaite wageni waje wapige makofi.