Mume Wangu Aliwaambia Maofisa Kwamba Mimi Si Mke Wake

Admin, ukiiweka hii usiandike jina langu wala mtaa ninaokaa, maana Mpanda ni ndogo na tunajuana. Kwa watu wa karibu nimeshindwa kusema, ndiyo maana nawaandikia nyie msionijua.

Mimi ni Mtanzania, nina miaka thelathini na mbili. Wazazi wangu walitoka Burundi zamani wakapewa uraia wa hapa. Nimekulia Mwese kwenye mahindi na maharage, na sasa nashona nguo kwenye baraza la duka pale Kashaulili. Nina mtoto wa kike, nimwite Neema, yuko darasa la pili. Na nina ujauzito mkubwa.

Mume wangu ni Mkongo. Alivuka ziwa akashukia Karema, akafika Mpanda akawa fundi seremala. Mara ya kwanza kuongea na mimi aliniita "bibi." Nikamjia juu: "Bibi yako nani? Kwani nimezeeka?" Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe kwao bibi ni mke! Akasema, "Basi kubali nikuite hivyo kwa haki." Tulifunga ndoa kanisani, na mzee wangu alicheza siku ile mpaka shati likalowa jasho.

Tulidhani cheti cha ndoa kinatosha. Tulipoenda kuuliza tukaeleweshwa kwa upole kabisa: mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kupitia mume. Mwanaume wa kigeni hapati kupitia mke. Atafute kibali chake mwenyewe kama mgeni mwingine yeyote. Jamani, kwa fundi wa randa na nyundo, hicho kibali ni mlima. Aliruhusiwa kukaa kwa muda, akaongezewa, mwisho muda ukaisha. Tukaendelea kuishi hivyo hivyo. Pikipiki ikisimama nje, baba Neema anaacha kula.

Msimu huu wa mvua, asubuhi moja, maofisa wa uhamiaji walikuja. Mimi nilikuwa namsuka Neema uani, mume wangu anatengeneza mlango wa banda la kuku. Wakamuomba karatasi zake, hana. Mkubwa wao akanigeukia: "Mama, unajua kumhifadhi mgeni asiye na kibali ni kosa? Huyu ni nani yako?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akadakia, "Huyu mama haiko ndugu yangu. Mimi niko mupangaji tu. Hajue mambo yangu."

"Si mke wako?"

"Hapana. Mimi sina bibi huku."

Nilitaka kuongea. Akanitazama kwa macho ya kuniomba, macho ambayo sikuwahi kuyaona kwake, nikanyamaza. Neema alikuwa katikati ya magoti yangu, nusu ya kichwa imesukwa, na nilisikia mwili wake wote umekakamaa. Wakaondoka na baba yake.

Najua alinikinga mimi na tumbo langu. Lakini kesho yake nilipobeba cheti cha ndoa kwenda kumtetea, yule ofisa alikiangalia akakiweka mezani. "Jana aliulizwa mbele yako, akasema wewe ni mwenye nyumba wake. Hukupinga. Leo unaleta ndoa. Tuamini lipi? Watu wanafunga ndoa za uongo kila siku, mama." Nikalia tu. Mume wangu akarudishwa kwao. Nikaambiwa akitaka kuja tena aombe akiwa huko, na watu wanaotujua watoe ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, hasa wazazi wangu.

Nikapanda pikipiki na tumbo hili mpaka Mwese, kwenye mashimo yale. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwana wanje," yaani mwanangu kwa Kirundi, "nikienda kule wataanza kuniuliza na mimi nilitoka wapi."

"Baba, si una cheti cha uraia?"

"Ninacho. Na hofu pia ninayo."

Nilipiga magoti. Aliinuka akaenda shambani, hakurudi mpaka nilipoondoka. Kaka yangu ndiye aliyenisindikiza, akaniambia huyo Mkongo nimsahau, mtoto akizaliwa nimwandikishe kwa jina la babu yake, yaishe. Mama aliendelea kuchambua maharage. Sijui niwachukie au niwahurumie. Nimekua nikiwaona wakitetemeka kila wakiulizwa kabila lao.

Sasa mume wangu anapiga simu kila akipata mtandao. Anasema, "Bibi yangu, vuka uje ujifungulie kwa mama." Ameshapata mtu wa boti. Lakini karatasi za kusafiria sina, nikivuka hivyo nitakuwa mimi ndiye wa kujificha nchi ya watu, na mtoto mchanga mgongoni. Nikibaki, mtoto atazaliwa baba yake hayupo, na kila siku inayopita watu wanaamini zaidi kwamba kweli alikuwa mpangaji.

Kinachoniua zaidi ni Neema. Nimemweleza mara nyingi kwamba baba alisema vile kutuokoa. Hataki kuelewa. Juzi simu iliita, akaniletea ameishika kwa ncha za vidole. "Mama, mpangaji anapiga." Nikapokea nikajifanya nakohoa ili baba yake asinisikie nalia.

Sina hamu ya kushona. Mashemeji wako mbali, wazazi wamenifungia mlango, kanisani wameanza kuninong'onea kwamba bado mdogo, nitapata mwingine.

Mliooana na wageni, mliwezaje? Mnaojua sheria, ule uongo wa mume wangu unafutika vipi? Msinitukane, nimechoka. Niambieni ukweli hata kama utaniuma, nivuke nimfuate au nibaki nipambane nikiwa peke yangu? Nitasoma maoni ya kila mmoja wenu, ila mniwahi kabla uchungu haujaanza.