Nilimuua Dada ya Bwana Yangu ili Gitare Inyamaze

Ni miye nilimuua dada ya bwana yangu. Na leo asubui alikula sombe kwangu, akasema chumvi ni kidogo.

Musicheke kwanza. Miye ni mutu mukali, wajukuu wananiogopa kuliko mvua ya mawe, na sikuzoea kuomba mutu pole. Lakini hii kosa niko naibeba tangu wakati wa vita, na inakatala kushuka. Basi nasema.

Bwana yangu alikuwa anapiga gitare ya umeme. Si ile muziki ya kucheza kiuno tunajua siye wote. Yeye na wenzake walijifunza tangu ujana muziki ya roke, ile gitare inalia sawa bati inaburutwa juu ya mawe. Orchestre yao iliitwa Radi Kavu. Muji yetu, Bunia, iliwacheka miaka mingi, kiisha ikawapenda, sawa vile mutu anapenda mbwa yake muzee.

Vita ikaingia, orchestre ikanyamaza. Ngoma yao ikalala chini ya kitanda yetu. Halafu kukapatikana utulivu kidogo mu muji, na wale wazee wakasema watapiga tena, mu salle ya paroisse, ile nyumba ya mikutano ya kanisa, muchana, sababu usiku ilikuwa couvre-feu, hakuna mutu wa kutoka. Itakuwa siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu.

Bwana yangu akatoa patalo yake ya ngozi, ile suruali ya ujana. Ilimukatala kwa tumbo. Akaifunga na kamba.

"Utasimama mbele ya watu hivyo?" nikamuuliza.

"Watu hawatatazama tumbo, mama. Watasikia gitare."

"Na wajukuu wako watakuwa pale?"

"Njo vizuri. Wajue kama babu yao hakuzaliwa muzee."

Niliambia kila mutu kama naogopa, kama wenye bunduki wanaweza kuingia mu salle. Uongo. Nilikuwa na haya. Mu kanisa ni miye nilikuwa naongoza wamama, ni miye nilikuwa nafukuza wasichana wenye nguo ya kubana. Na sasa bwana yangu, na ile patalo.

Kwetu mutu mwenye kufiwa hapande jukwaa. Anaketi chini kwa mukeka, na watu wanaketi naye. Na wakati ule njia ya Komanda ilikuwa imefungwa, habari ilikuwa inafika kwa mudomo ya wakimbizi tu. Dada mukubwa wa bwana yangu, nitamuita Veneranda, alikuwa kule Komanda. Hatukuwa na habari yake.

Ilipobaki kidogo siku ifike, nikafunga kitambaa ya matanga kichwani, nikamuambia: "Mukimbizi mumoja alipita hapa. Veneranda ametuacha."

Nilifikiri atakunja uso, ataweka gitare chini, basi. Akaketi kwa mulango, akavua viatu. Hakulia na sauti. Aliniuliza tu: "Alikuwa na mutu karibu?"

Hapo njo ningesema kweli. Nikajibu, "Ndiyo. Watu walimushika mukono."

Munaona? Maiti yangu ya uongo nilimupatia mpaka na wauguzi.

Wenzake wakakuja. Yule wa kupiga ngoma, muzee Dieudonné, akasema: "Wazazi walipotufukuza na makelele yetu, Veneranda njo alitupikia. Hatutamulilia na kimya. Matanga itafanyika mu salle. Ndugu yake atapiga akiwa ameketi kwa mukeka. Desturi inasema uketi, haiseme mukono ulale." Kiisha akanigeukia: "Na weye, mama, utaketi mbele."

Basi miye, niliyeapa sitakanyaga ile salle, nikaketi mbele ya wote, kando ya bafle moja ya kutoa sauti, kubwa sawa kabati. Wamama wa kanisa wakajaa nyuma yangu. Groupe, ile mashine ya umeme, ikawashwa. Bwana yangu alipoketi, patalo ikapasuka nyuma. Ni miye peke yangu nilisikia.

Na akapiga. Miye sijui muziki. Najua tu kama ile gitare ililia sawa mutu, na salle yote, watu wa kukimbia Djugu, watu wa kukimbia kwingine, kila mutu akaanza kulilia wake. Na miye nikalia, ya kweli, na sikujua ni nani ninamulilia.

Katikati ya wimbo, mwanamuke mumoja akaketi kando yangu. Vumbi mpaka magoti, kitunga kwa mapaja. Akaweka mudomo kwa sikio yangu.

"Mama, ni matanga ya nani?"

Sikugeuka. "Ya Veneranda."

"Yule wa Komanda?"

"Njo yeye."

"Maskini. Alikufa na nini?"

Nikageuka. Ilikuwa Veneranda mwenyewe.

Kwa mulango watu wasiomujua walikuwa wameshamuambia yote. Alitaka tu kusikia ni ugonjwa gani nilimuua nayo.

Watu wakaruka. Wamama wa kanisa, wale wa imani kubwa, njo walikimbia wa kwanza. Bwana yangu akamuangukia dada yake, akalia sasa na sauti. Kiisha akaniangalia.

"Ni mukimbizi gani alikuambia?"

Nikaangalia mukeka.

Hakuniuliza tena. Akapanda jukwaa, sababu hakuna tena wa kulilia. Lakini patalo ilikuwa wazi nyuma, akahitaji kitu ya kujifunga. Dieudonné akanyoosha mukono. Nikafungua ile kitambaa ya matanga kichwani mwangu, nikamupatia. Akapiga nayo kiunoni mpaka karibu na couvre-feu.

Veneranda hakurudi Komanda. Yuko kwangu mpaka leo. Ukimuambia achote maji, anasema, "Maiti haichote maji." Ukimuambia apepete unga: "Weye njo ulinizika, acha nipumzike."

Hiyo nilizoea. Hii ingine, hapana. Vita ilikuwa ingali pale wakati habari ilinifikia kutoka Nyankunde: ndugu yangu mudogo, yule nilimubeba mugongoni, amekufa. Nikaingia mu nyumba, nikasema. Bwana yangu alikuwa anafunga kamba ya gitare. Hakuinua kichwa.

"Na huyu atafika saa ngapi?"

Hakusema na ubaya. Alikuwa anacheka na miye. Majirani nao wakasikia, wakangojea. Hakuna mutu alitandika mukeka. Nililia mu jikoni, peke yangu, na sufuria.

Ni Veneranda aliingia. Akatazama uso yangu sana. Akaenda kuleta mukeka, akautandika, akaita ndugu yake: "Kuja uketi. Hii ni ya kweli. Uso yake ya uongo naijua, niliiona kwa matanga yangu."

Akakuja. Akaketi kando yangu na viatu mukononi.

Weye unayesoma, ukiwa na haya juu ya bwana yako, muambie mbele ya uso: patalo inakubana, muzee. Chukia gitare yake, gombana naye mpaka jioni. Lakini kifo usiitume kazi yako. Siku ile kifo itakuja yenyewe kwako, utaita watu, na watu watakaa kwao wakitazama njia.

Namaliza hapa. Veneranda ananiita, anasema maiti inasikia njaa.