Upande wa Bikira Maria

Kanisa letu la mtaa wa Kadutu lilikuwa na pande mbili. Kulia, mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, walikaa wanaume. Kushoto, mbele ya Bikira Maria, tulikaa wanawake na watoto. Nilipoolewa, miaka ile ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, nilipewa nafasi kwenye benchi ya tatu, kando ya mama mkwe. Niliipenda. Kutoka pale niliona kila kitu, hata vitambaa vipya vya wake za makarani.

Halafu mama mkwe akapofuka.

Baba mkwe alikuwa mzee mpole, mfyatua matofali aliyestaafu, asiyekosa misa ya kwanza hata mvua ikinyesha. Jumapili ya kwanza baada ya hapo alimwongoza mkewe kwenye mlima wetu wa matope, viatu vya mkewe amevibana kwapani visichafuke. Mlangoni akainama, akamvisha. Kisha, badala ya kwenda kulia, akaenda naye kushoto, akaketi. Kwetu, mke wa mtoto hakai benchi moja na baba mkwe. Ni utovu wa heshima. Nikambeba mwanangu nikahamia nyuma kabisa, mahali pa kuona migongo tu. Nilikasirika, tena sana.

Katekista alikuja mbio.

“Papa, huku iko fasi ya bamama. Mukazi wa mutoto wako atamuongoza.” Akaninyooshea kidole mimi.

“Huyo iko na mutoto ku mugongo,” mzee akasema. “Na Yozefu alisindikiza Maria mpaka Misri. Hakumuachaka ku njia.”

Wanawake wakacheka ndani ya vitenge vyao. Katekista akampelekea padri kesi hiyo. Padri akasema ataiangalia, na hakuiangalia kamwe. Basi mzee akabaki. Wakati wa kusimama alimshika mama kiwiko, wakati wa kupiga magoti vilevile. Mama aliimba kuliko sisi wote. Mzee, asiye na sauti, alichezesha midomo tu. Katekista hakuacha kumtazama kwa jicho baya.

Mama mkwe alifariki majira ya mvua. Jumapili baada ya mazishi, wanawake walimwachia mzee nafasi yake kwenye benchi ya tatu. Aliingia peke yake, akachovya vidole katika maji ya baraka, akaenda kulia, akakaa na wanaume.

Baada ya misa katekista alimfuata nje, akasema kwa sauti ya chini, “Papa, ungebakia tu kule.”

“Sina tena mutu wa kusindikiza,” mzee akamjibu.

Juma lililofuata mama mmoja alinivuta mkono, akanirudisha kwenye benchi yangu. Niliitaka sana nafasi ile, na siku nilipoipata iliniuma. Kutoka pale nilimwona baba mkwe vizuri. Tulipoambiwa tusimame, mkono wake ulitangulia, ukatafuta kiwiko pembeni, ukamgusa mwanaume aliyekuwa kando yake, ukarudi mfukoni.