Rami ya Ukweni Miyuji

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipojaa sabuni na kazi za mashirika zikaanza kuyeyuka, mji wetu ulipata wataalamu wengi sana wa rami. Nilicheza nao Kizota, nje ya gereji nilikokuwa fundi wa kuchomelea. Kila aliyepunguzwa kazini alikuwa profesa. Mafundisho yao nayakumbuka yote: usikumbatie wafalme na malkia mpaka wakuozee mkononi, angalia mwenzako anaokota nini, usimtupie nyingine ya namna hiyo, karata unayoitaka iokote kwa uso wa msiba. Elimu kubwa! Ingekuwa inaliwa, wake zao wasingekuwa barabarani wanauza maandazi.

Mchezo wenyewe si mgumu. Una karata kumi. Unaokota moja, ya fungu au ile aliyotupa mwenzako, na wewe unatupa moja, mpaka zote zikae kwa makundi: za namba ileile, au zinazofuatana za aina moja. Zikikaa unazilaza mezani, umefunga. Nilikuwa hodari, na sisemi hivi kwa kujisifu, ingawa najisifu.

Halafu nikampenda binti wa Miyuji. Baba yake, dereva mstaafu wa shirika, alikuwa na ugonjwa wa rami. Wachumba walionitangulia wote aliwakalisha barazani, akawafunga, kisha akawasindikiza kwa matusi mpaka njiani. "Mtu hajui hata kutupa karata, mwanangu atamtunza nini?" Hawakurudi. Mimi posa yangu ilikuwa imeshapelekwa, majibu hayajaja, na nikaitwa nikasalimie. Nilijua naitwa kwenye nini.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mtu wa majaruba ya mpunga kule Bahi, hajawahi kushika karata maishani. Ndiye aliyenipa mbinu. "Mkwe hafungwi," akaniambia. "Ukimwaibisha mzee barazani kwake, mimi sirudi tena ile nyumba. Utatafuta mshenga mwingine na mke mwingine. Mwachie ashinde."

Basi Jumapili baada ya kanisa nikatinga Miyuji na shati la mitumba lililopigwa pasi likakoma. Nilibeba na zawadi: karata mpya za plastiki, ndani ya nailoni yake, maana sasa vitu vilikuwa vinapatikana. "Shikamoo mzee." "Marahaba." Akazigeuza geuza, akashukuru, akaingia ndani kuziweka juu ya kabati. Akarudi na za kwake, kuukuu, zina mafuta, kona zimeliwa. "Hizi tumeshazoeana," akasema.

Nikaanza kazi ya kushindwa. Mafundisho yote ya Kizota nikayageuza kichwa chini. Nikakumbatia wafalme. Nikatupa nilizozihitaji. Lakini siku hiyo karata zilinipenda, sijui zilitumwa na nani! Muda si muda mkono wangu ukakamilika. Nikauvunja. Ukakamilika tena. Na mzee, yule simba wa Miyuji, naye akawa ananitupia saba wakati amenishuhudia naokota saba. Nikajisemea, maskini, kazeeka. Nikamwonea huruma kabisa, mimi mjinga. Fungu likaisha, tukaligeuza, tukaanza upya, wanaume wazima tumekaa tunaokota na kutupa. Chai ikapoa.

Binti akaja kuchukua vikombe. Akasimama nyuma ya baba yake, akatazama. Akaja akasimama nyuma yangu.

"Baba, mbona umeshafunga?"

Mzee akakohoa.

"Na wewe umefunga," akaniambia mimi.

"Mama yako kaniambia," mzee akasema kwa sauti ndogo, "nikimkimbiza na huyu, chakula nitakula kwa jirani."

"Na wewe je?" binti akanigeukia.

"Baba mdogo kasema mkwe hafungwi."

Akaitua sinia mezani, vikombe vikalia. "Haya. Baba anatupa, mgeni anatupa. Sasa mimi hapa nani ananitaka?"

Jamani! Kwetu mtu hajisemei mbele ya baba wa binti. Ndiyo maana kuna mshenga, anakirimiwa, anavikwa koti. Ila mshenga wangu mwenye mbinu zake alikuwa Bahi anafukuza ndege kwenye mpunga, na yule binti alikuwa ananiangalia mimi. Machozi yalikuwa yameshaanza kumlengalenga. Nikasimama.

"Mimi namtaka, mzee. Namtaka sana." Nikazilaza karata zangu mezani.

Mzee hata hakuziangalia. "Nilijua tangu zamani kwamba umefunga," akasema. "Kaa chini. Gawa, sasa tucheze." Akanifunga mpaka jua likazama, na kila akinifunga ananitukana, na mimi sijawahi kufurahia matusi namna ile. Majibu ya posa yalikuja wiki iliyofuata.

Miaka yote iliyofuata nilikwenda ukweni kila Jumapili, na sikumfunga hata siku moja. Si kwamba nilimwachia, thubutu! Nilipigana. Yeye ananiangalia tu, anasema, "Malkia wa kopa huyo, utamtupa sasa hivi," na kweli ninaye. Kizota nikatangaza kwamba baba mkwe wangu ana kipaji.

Alipofariki tulikwenda kupanga vitu vyake. Juu ya kabati mke wangu akakuta zile karata za plastiki, hazijatolewa kwenye nailoni. Pembeni yake zile kuukuu. Akazichukua zile kuukuu, akaanza kuzisoma kwa migongo bila kuzigeuza: hii iliyoliwa kona malkia wa kopa, hii yenye doa la mafuta saba ya shupaza, hii iliyopinda mfalme wa uru. Nikawa nazigeuza moja moja. Hakukosea.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Tangu nikiwa mdogo."

"Miaka yote hii naaibishwa, mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeacha kuja," akasema. "Na baba Jumapili alikuwa anaanza kuchungulia njiani kabla hata ya ibada kwisha."

Nikakaa pale kwenye kitanda cha mzee, nikamlilia yule mwizi.