Shilingi Ishirini za Kunyamazisha Gitaa

Mimi kazi yangu ilikuwa chokaa. Kila Ijumaa nachora mistari ya uwanja wa chuo kimoja cha ufundi hapa Kisumu, Jumamosi nasimama pembeni naangalia wanavyoikanyaga. Nililipwa. Kidogo, lakini nililipwa. Mwenye filimbi alilipwa, mkata tiketi alilipwa, hata mbwa wa mlinzi alikuwa na nyama yake. Mpwa wangu, mfungaji wa mabao, alipewa soda na nusu mkate.

Huyo ni mtoto wa dada yangu wa Kombewa, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Mguu wa kushoto ndio uliomwingiza chuoni. Meneja wa timu, mtu wa Milimani kwa matajiri, alikuja na gari mpaka nyumbani kwa dada, akala samaki, akasema kijana acheze tu, karo asahau. Dada akaniuliza kando kama tuombe barua ya ahadi hiyo. Mimi niliyeishia darasa la tatu nikamwambia mtu akishakula kwako hawezi kukudanganya. Samaki mwenyewe alikuwa mbuta mzima, na dada alijinyima kumpata, kwa sababu miaka hiyo viwanda vilikuwa vinachukua minofu, sisi tunakaanga mifupa. Mgongo wazi, tuliiita. Lakini naacha njia.

Miaka mitatu akacheza. Watu walijaa mpaka juu ya ukuta. Mwaka wa mwisho goti likavimba. Nilikuwa namkanda na maji ya chumvi kwangu Manyatta, yeye kitabu cha umeme mkononi. Nikamwambia aache fainali ya Jumamosi.

"Mjomba, mtihani ni Jumatatu," akasema. "Nikikataa kucheza, watakumbuka karo."

Nikaendelea kumkanda. Akacheza, akafunga bao la pekee, akatolewa amebebwa.

Jumapili mchana ikawa sherehe hapo chuoni, na bendi ya gitaa. Kwetu sisi anayetaka kujisifu huweka pesa kwenye sahani ya bendi, muziki unasimama, anajisifu, unaendelea. Pakruok. Meneja akaweka, akasema yeye ndiye jicho lililoona lulu kwenye matope. Mkuu wa chuo akaweka, akasema yeye ndiye baba wa lile bao. Daktari wa timu naye, aliyelichoma goti sindano, akawa mama yake. Bao moja, wazazi wengi.

Mpwa wangu alikuwa ameketi, mguu juu ya kreti. Asubuhi hiyo alikuta jina lake ubaoni, kwenye orodha ya waliozuiwa mtihani. Karo ya miaka mitatu. Aliponinong'oneza, nilitoa shilingi ishirini zangu za chokaa nikazitupa kwenye sahani. Gitaa likanyamaza.

"Sema," nikamwambia.

Akasimama kwa mguu mmoja. "Mimi ni mtoto wa mama omena," akasema. Watu wakashangilia, wakijua majisifu yanakuja. "Meneja, ulikula samaki kwetu. Naomba kesho nifanye mtihani."

Wengine walicheka, wakangoja utani umalizike. Haukumalizika. Meneja akainuka polepole, akaweka noti ya mia kwenye sahani.

"Endeleeni," akaiambia bendi. Wakaendelea.

Jumatatu mpwa wangu alishinda kwangu amelala, uso ukutani. Siku hizi anatengeneza redio Kombewa, bila cheti, na kwa goti lile ngazi hapandi. Vijana wa mpira huniuliza, "Mzee, mwanafunzi akilipwa mchezo si utaharibika?" Nimechoka na swali hilo. Pesa ilikuwepo uwanjani siku zote. Mimi niliiona ikipita kando ya mpwa wangu. Wampe mchezaji yake, au waandike barua. Waandike.

Ijumaa iliyofuata nilibeba ndoo yangu nikaenda kuchora mistari. Nilihitaji ile pesa. Dada yangu hajanilaumu mpaka leo. Nikienda kwake ananipikia samaki, ananiuliza tu kama nimeshiba.