Jiwe Kavu la Mlimani

Uweso wa Chumbageni ni mbishi tangu akinyonya. Sasa kaketi mkekani kwa shangazi yake, Mwanamkasi, anasifiwa, na kila sifa inamkaa kooni kama mwiba wa changu.

"Mwanangu angefia Kilimanjaro kama si wewe! Umembeba mgongoni mpaka chini. Kula, baba."

Mwanawe mwenyewe, Mudathir, kalala kitandani, mguu plasta mpaka gotini.

Walikwenda wote kubeba mizigo ya watalii. Uweso mzoefu, Mudathir mgeni. Kule juu wakakuta tuta refu la mawe, kando ya bonde pana lenye kuta zilizosimama. Kiongozi wao, Godlisten, akapiga kelele: "Fuateni nyayo zangu! Tuta hili limewekwa na barafu. Zamani ilijaa bonde lote, ikashuka polepole inakwangua mlima, inasomba mawe. Ilipoyeyuka ikayabwaga hapa. Hayajashikana!"

Uweso akapandisha mori. Huyu Mchaga anifundishe mimi kukanyaga mawe? Mimi niliyekulia miambani, maji ya bahari yakitoka tu niko nje natafuta pweza? Akamnong'oneza Mudathir: "Achana naye. Kanyaga kavu, ruka lenye maji. Kama kwetu."

Kwetu jiwe kavu limeota na mwamba, halikutupi. La kule lilikuwa limeketi tu. Mudathir akachagua kavu, kubwa, zuri. Likabiringika, na mguu wake ndani.

"Kuteleza ni ajali," shangazi anaendelea. "Mwenyewe kaniambia kateleza."

Uweso akamtazama Mudathir. Mudathir akatazama dari. Hapo uzalendo ukamshinda.

"Hakuteleza, shangazi. Mimi ndiye niliyemwambia akanyage pale. Kiongozi alikataza."

"We nawe! Si ule tu, unyamaze?" Mudathir akafoka.

Mwanamkasi akaacha kujipepea. "Alikataza, nawe ukampitisha mwanangu. Kwa nini?"

"Ubishi tu, shangazi."

Shangazi hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Yule kijana Safari na wenzake wa kijiweni wanapanda mlima Jumamosi. Nao umewapa somo hilo hilo?"

Uweso akainamisha kichwa. "Nimewapa."

"Basi nenda kijiweni ukawaambie. Kwa mdomo wako, mbele za watu, na mguu wa nani umevunjika."

Kijiweni ndiko wanakomwita Komandoo. Akanawa, sahani ikiwa nusu, akatoka. Kijiwe chenyewe mtaa wa pili tu. Alitamani kingekuwa Muheza.